Mtetezi wa Familia: Jamaa wa Mgonjwa wa Akili Wapate Sauti

Katika ofisi ya ustawi wa jamii ya mji wowote wa Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990, mtu angeweza kukuta mkutano wa namna hii. Upande mmoja wa meza wameketi daktari wa maradhi ya akili, mwanasaikolojia, mwalimu mshauri, afisa wa ustawi wa jamii na mjumbe wa mahakama ya watoto. Upande wa pili ameketi mama mmoja, peke yake. Mwanawe mwenye umri wa miaka 14 ana ugonjwa mkali wa akili. Amekwisha kulazwa hospitali mara 3, fedha za bima zimekwisha, na shule imekataa kumpokea tena. Mbele ya mama huyo imewekwa hati. Akiitia sahihi, mtoto atapelekwa katika makao ya matibabu kwa gharama ya jimbo, lakini ulezi wake wa kisheria utatoka mikononi mwa mama na kuingia mikononi mwa serikali. Asipoitia sahihi, mtoto atarudi nyumbani bila tiba.

Mfano huu haumhusu mtu mmoja. Ni muhtasari wa mambo yaliyowafika wazazi wengi. Mwezi Aprili 2003 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa taarifa juu ya jambo hili. Ilikadiriwa kwamba katika mwaka wa fedha wa 2001 wazazi waliwaweka watoto wapatao 12,700 chini ya idara za ustawi wa watoto au za mahakama za watoto, ili tu watoto hao wapate matibabu ya akili. Wengi wa wazazi hao hawakuwa wametenda kosa lolote, wala hawakuwatupa watoto wao. Ifahamike pia kwamba makadirio hayo yalitoka kwa wakuu wa idara katika majimbo 19 na maofisa wa wilaya 30 tu. Majimbo mengine hayakutoa hesabu. Kwa hiyo yaelekea idadi kamili ilikuwa kubwa zaidi.

Kwa ajili ya saa kama hiyo, katika huduma za umma za afya ya akili na mwenendo nchini Marekani, imejengeka kazi ya mtu anayeitwa mtetezi wa familia. Huduma hizo ni zile zinazogharimiwa na serikali kwa ajili ya maradhi ya akili, matatizo ya mwenendo kwa watoto, na utumwa wa pombe na dawa za kulevya. Mtetezi huyo si wakili wa mahakamani, wala si daktari, wala si muuguzi. Aghalabu ni mzazi, ndugu au mwenzi wa mgonjwa, aliyekwisha kupita njia hiyo hiyo, akapewa mafunzo, na sasa ameajiriwa aketi upande wa pili wa meza pamoja na yule mama.

Ili kufahamu kwa nini kazi hiyo ilihitajika, haina budi kurudi nyuma kidogo na kutazama jinsi sayansi yenyewe ilivyowatendea jamaa za wagonjwa.

Miaka ya Lawama

Mwaka 1948 daktari Frieda Fromm-Reichmann, mmoja wa wataalamu mashuhuri wa tiba ya nafsi wa wakati huo, alieneza dhana ya mama anayezalisha skizofrenia katika mwanawe. Skizofrenia ni ugonjwa mkali wa akili ambao humfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo, ashike imani zisizolingana na ukweli, na apungukiwe na ari ya maisha. Kwa mujibu wa dhana hiyo, chanzo cha ugonjwa kilikuwa malezi ya mama mkali, baridi na mwenye kutawala. Mwaka 1956 Gregory Bateson na wenzake walitoa nadharia iliyosema kwamba ugonjwa huo huota pale mtoto anapopewa na wazazi amri mbili zinazopingana, asiweze kutii zote wala kuzikwepa. Katika miaka ya 1960 Bruno Bettelheim naye aliwalaumu wazazi kwa usonji wa watoto wao.

Nadharia hizi zilikuwa na kasoro moja kubwa ya kisayansi. Waliozitoa waliwaona wazazi baada ya mtoto kuugua, wakati ambapo mama yeyote angekuwa na wasiwasi, uchovu na ukali. Hawakuchunguza vya kutosha kama wazazi wa watoto wazima walikuwa tofauti, wala kama hali ya wazazi ilitangulia ugonjwa au iliufuata. Kuona mambo mawili yakiandamana na kusema kwamba moja ndilo lililozaa jingine ni kosa ambalo kila mwanafunzi wa sayansi hufundishwa kulikwepa. Utafiti uliofuata, hasa ule wa mapacha na wa watoto waliolelewa na wazazi wasiowazaa, ulionyesha kwamba urithi una sehemu kubwa katika skizofrenia na katika usonji, na nadharia ya mama mwenye hatia ikaachwa. Hata hivyo, kwa miaka mingi wazazi wengi walikuwa wameingia katika vyumba vya madaktari wakiwa wasaidizi wa tiba, wakatoka wakiwa washtakiwa.

Ugunduzi wa London

Wakati huo huo, jijini London, mtaalamu wa elimu ya jamii George Brown alikuwa akifuatilia maisha ya wagonjwa wa skizofrenia waliotoka hospitali. Aliona jambo lisilotarajiwa: wanaume waliorudi kwa wazazi au wake zao walirudiwa na ugonjwa mara nyingi zaidi kuliko waliopanga vyumba kwa watu baki au kukaa na ndugu zao. Badala ya kukimbilia lawama, Brown na wenzake walitengeneza kipimo. Jamaa wa mgonjwa alihojiwa kwa muda mrefu, mazungumzo yakanaswa katika kinasa sauti, kisha wasikilizaji waliofunzwa wakahesabu maneno ya kukosoa na kupima uhasama na wasiwasi uliopita kiasi.

Mwaka 1976 Christine Vaughn na Julian Leff walitoa matokeo yaliyounganisha wagonjwa wao na wale wa Brown, jumla yao 128. Katika miezi 9 ya kufuatiliwa, asilimia 51 ya wagonjwa walioishi katika nyumba zenye ukosoaji na wasiwasi mwingi walirudiwa na ugonjwa. Katika nyumba tulivu walirudiwa asilimia 13 tu.

Je, si lawama zile zile zimerudi kwa mlango wa nyuma? Baadhi ya wazazi walihisi hivyo. Lakini tofauti ni kubwa. Utafiti huu haukuuliza nini kilileta ugonjwa, bali nini humsaidia mgonjwa kubaki salama baada ya kupata nafuu. Na tena uliwezesha jaribio. Mwaka 1982 Leff na wenzake walichukua wagonjwa 24 waliokuwa wakiishi katika nyumba zenye hali ngumu, wote wakitumia dawa. Wakawagawa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Familia za kundi la kwanza zilifundishwa habari za ugonjwa, zikakutanishwa na familia nyingine, zikatembelewa nyumbani. Kundi la pili lilipata huduma za kawaida. Baada ya miezi 9, nusu ya wagonjwa wa kundi la pili walikuwa wamerudiwa na ugonjwa, na katika kundi la kwanza alirudiwa mmoja tu. Wagonjwa 24 ni wachache, na jaribio moja halitoshi kuthibitisha jambo. Lakini majaribio mengine mengi yaliyofanywa baadaye katika nchi mbalimbali yalielekea upande ule ule.

Fundisho lake ni hili: familia siyo kiini cha maradhi, ila ni mahali ambapo tiba hufaulu au hushindwa. Basi kuisaidia familia ni sehemu ya kumtibu mgonjwa.

Hospitali Zafunguliwa, Mzigo Wahamia Nyumbani

Mabadiliko mengine yalitokea katika hospitali. Mwaka 1955 hospitali za akili za majimbo ya Marekani zilikuwa na wagonjwa wapatao 559,000. Dawa ya kloropromazini, iliyojaribiwa mjini Paris mwaka 1952, iliwapa wengi nafuu ya kuweza kurudi makwao. Tarehe 31 Oktoba 1963 Rais John Kennedy alitia sahihi sheria ya kujenga vituo vya afya ya akili karibu na makazi ya watu. Kufikia mwaka 1980 idadi ya waliolazwa ilikuwa imeshuka chini ya 150,000.

Kusudi lilikuwa jema, lakini vituo vilivyojengwa vilikuwa pungufu mno ya vilivyokusudiwa, na vilivyojengwa vilikosa fedha. Wagonjwa walitoka, ila huduma hazikuwafuata. Chumba cha kulala kikawa wadi, na mama akawa muuguzi wa zamu ya usiku na mchana, bila mshahara, bila mafunzo, na bila kuambiwa jina la ugonjwa anaouuguza.

Mwaka 1977, katika mji wa Madison, jimbo la Wisconsin, wanawake wawili, Harriet Shetler na Beverly Young, walikutana kwa chakula cha mchana. Kila mmoja wao alikuwa na mwana mwenye skizofrenia. Waliyoyazungumza yaliwafanya waite wengine. Mwezi Septemba 1979 mji huo uliwapokea wajumbe 284 kutoka vikundi 59 vya familia, nao wakaunda muungano wa taifa unaojulikana hadi leo kwa kifupi cha NAMI.

Kwa upande wa watoto, mwaka 1982 mtafiti Jane Knitzer alitoa taarifa iliyowashtua wengi. Alikadiria kwamba kati ya watoto milioni 3 wa Marekani wenye matatizo makubwa ya akili na hisia, theluthi mbili hawakupata huduma waliyoihitaji. Mwaka 1984 serikali kuu ilianzisha mpango wa kuyasaidia majimbo yaunganishe huduma za watoto hao, na mwaka 1989 wazazi wakaunda shirikisho lao la taifa. Mwaka 2007 waraka wa serikali uliruhusu Medicaid, yaani mfuko wa umma wa matibabu ya watu wa kipato cha chini, ulipie huduma za watu waliopata kuugua wanaowasaidia wagonjwa wenzao. Mwaka 2013 ikafafanuliwa kwamba wazazi wanaowasaidia wazazi wenzao nao wanaweza kulipwa. Hivyo kazi iliyoanza kama hisani ya jirani kwa jirani ikawa kazi yenye mafunzo, cheti na mshahara.

Kazi Yenyewe

Kazi ya mtetezi huanza kabla ya mkutano. Humtembelea mama nyumbani, husikiliza, kisha humsaidia kupanga jalada: tarehe za kulazwa, majina na vipimo vya dawa, madhara yaliyoonekana, saa ambazo mtoto huwa mtulivu na saa ambazo huchafukwa. Mama aliyekuwa akisema “mwanangu ana shida siku zote” huingia mkutanoni akiwa na daftari linaloonyesha kwamba katika siku 30 ghasia zilitokea mara 11, na kwamba 9 kati yake zilitokea jioni, kabla ya kipimo cha pili cha dawa. Hayo si malalamiko tena. Ni data, na daktari anaweza kuitumia.

Ndani ya mkutano mtetezi hasemi kwa niaba ya mama pale mama anapoweza kusema mwenyewe. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba maneno yanafahamika kwa pande zote mbili. Mtaalamu akitumia istilahi ngumu, mtetezi huomba ifafanuliwe, hata kama yeye mwenyewe anaijua. Jalada likisema kwamba mama “hashirikiani,” mtetezi huuliza hukumu hiyo imejengwa juu ya nini. Huenda ikaonekana kwamba mama alikosa mikutano 2 kwa sababu iliitishwa saa 4 asubuhi, naye ni kibarua anayekatwa ujira kwa kila saa asiyofanya kazi. Sentensi moja kama hiyo hugeuza mama mkaidi kuwa mama mwenye shida inayoweza kutatuliwa.

Jambo la tatu ni kuijua sheria kwa kiasi cha kuweza kuuliza swali linalofaa. Kwa mfano, sheria ya Marekani ya mwaka 1975 inampa kila mtoto mwenye ulemavu, wakiwamo wenye maradhi makubwa ya hisia, haki ya elimu ya bure na mpango wa masomo ulioandikwa kwa ajili yake, wazazi wakishiriki kuutunga. Kwa hiyo shule haiwezi kumfukuza tu na kufunga mlango. Hali kadhalika, sheria ya mwaka 1982 inaruhusu majimbo yawalipie kwa Medicaid watoto wenye ulemavu mkubwa wanaotunzwa nyumbani, bila kuhesabu kipato cha wazazi. Si kila jimbo lililoitumia ruhusa hiyo, wala si kila mtoto anayetimiza masharti yake. Lakini mzazi asiyejua kwamba mlango huo upo hawezi hata kuubisha.

Baada ya mkutano mtetezi hufuatilia ahadi: nani alisema atafanya nini, na kwa tarehe gani. Na jioni, pale mama anapobaki peke yake na aibu inapomjia, humpigia simu. Kwa wengi, huyo ndiye mtu wa kwanza kumwambia “nami yalinipata,” akaaminika.

Mipaka na Mitihani

Kazi hii ina mitihani yake. Wa kwanza ni siri. Sheria za Marekani hulinda habari za mgonjwa, na mgonjwa akiwa mtu mzima daktari huwa hawezi kumweleza mama yote bila ridhaa ya mgonjwa mwenyewe. Mtetezi humweleza mama mpaka huo, lakini pia humkumbusha kwamba sheria haimkatazi yeye kumpa daktari habari.

Wa pili ni mgongano wa matakwa. Familia hutaka usalama. Mgonjwa hutaka uhuru. Kijana wa miaka 25 anaweza kukataa dawa ambayo baba yake anaona ni uhai. Wagonjwa wa zamani wameunda vyama vyao na wanasema, kwa haki, kwamba sauti ya familia isiwe kifuniko cha sauti ya mgonjwa. Mtetezi mwema hujua kwamba yeye ni wa familia, na kwamba mgonjwa anastahili mtetezi wake mwenyewe.

Wa tatu ni wa mwajiri. Mara nyingi anayemlipa mtetezi ni idara ile ile anayotakiwa kuihoji. Mtu aliyefungwa mdomo kwa mshahara hamtetei mtu. Ndiyo maana baadhi ya majimbo huwaajiri watetezi kupitia vyama vya familia, si kupitia hospitali.

Wa nne umo ndani ya mtetezi mwenyewe. Kisa chake ndicho chombo chake cha kazi, lakini akikisimulia kupita kiasi hugeuza shida ya mwenzake kuwa yake. Mafunzo mengi ya kazi hii ni mafunzo ya kunyamaza.

Je, Inafaa?

Nia njema si ushahidi. Mwaka 2011 Lisa Dixon na wenzake walichapisha jaribio la mafunzo ya NAMI ambayo wakati huo familia zilifundishwa na familia nyingine kwa vipindi 12 vya kila juma. Watu 318 katika jimbo la Maryland waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walianza mafunzo mara moja, wengine walingoja miezi 3 wakawa kundi linganishi. Waliofunzwa walizidi wenzao katika kuujua ugonjwa na kujiamini katika kukabili matatizo, na dhiki yao ilipungua. Lakini hisia ya uzito wa mzigo haikutofautiana kati ya makundi hayo mawili. Matokeo hayo yana maana kwa pande zote mbili. Mafunzo hayaondoi mzigo, humwezesha mbebaji. Kupunguza mzigo wenyewe kunadai zahanati, dawa, shule na fedha.

Afrika ina la kuchangia katika suala hili. Mwaka 1954, huko Aro karibu na Abeokuta, Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo alianza kuwatibu wagonjwa wa akili kwa utaratibu wa kuwapangisha katika vijiji jirani, kila mmoja akiandamana na jamaa wa kumtunza. Wataalamu wengi wa Ulaya wakati huo walikuwa wakiwatenga jamaa. Lambo aliwafanya kuwa sharti la tiba. Katika Afrika ya Mashariki vilevile jamaa hajawahi kuwa mbali. Ndiye anayepika, anayesafiri na mgonjwa kwa basi, anayelala kwenye mkeka nje ya wadi. Lakini kuwapo si sawa na kusikilizwa. Anaweza kukaa na mgonjwa miezi 6 asiulizwe hata mara moja ameona nini. Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Jamaa ndiye aliyekilalia kitanda hicho, na kumsikiliza hakudai mashine wala fedha nyingi.

Tuirudie meza ile. Hati bado ipo, na mama ameshika kalamu. Mtetezi aliyeketi kando yake hamwambii atie sahihi, wala hamwambii akatae. Anauliza maswali mawili: shule imeandika mpango gani wa masomo wa mtoto huyu, na je, ombi la Medicaid kwa kigezo cha ulemavu limekwisha kupelekwa? Wataalamu wanatazamana, hakuna aliyelishughulikia hilo. Mkutano unaahirishwa kwa siku 7. Mtoto bado ni mgonjwa, na huenda mwishowe atahitaji makao ya matibabu. Lakini jioni hiyo mama anarudi nyumbani akiwa bado ni mama yake kisheria.